Miguu huzeeka kwanza, jicho baadaye

Mwezi uliopita niliingia msimu wa tisa wa ligi yangu ya Out of the Park Baseball, gemu ya kompyuta ya kusimamia timu ya besiboli, nikakuta mchezaji wangu wa katikati, kule uwanja wa nje, kaporomoka. Kasi ilikuwa 70, sasa 55. Ulinzi nao umeshuka. Ana miaka 31 tu. Lakini jicho lake, yaani ule uwezo wa kuacha mipira mibaya ipite na kungoja wa kupiga, limepanda kutoka 55 hadi 60. Alama yake ya jumla haikuyumba sana, na hapo ndipo wengi tunaponaswa.

(Gemu hii hutumia kipimo cha 20 hadi 80, kile kile cha maskauti (wasaka vipaji) wa Marekani, 50 ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu.)

Mimi ni mtu wa takwimu, na gemu hizi nazicheza zaidi kwa kuzifungua tumbo kuliko kwa kutafuta makombe. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba mchezaji hazeeki mwili mzima kwa siku moja. Kasi ya miguu huanza kupungua akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, na kwa warushaji kasi ya mpira hufuata njia hiyo hiyo. Nguvu za kupiga hudumu zaidi. Jicho huweza kuendelea kunoleka hata baada ya 30, kwa sababu lile ni somo, si msuli. Ukitazama alama moja ya jumla, iwe hapa au kwenye MLB The Show, gemu nyingine ya besiboli, unaona wastani wa saa kadhaa za ukutani zinazosoma nyakati tofauti.

Sasa, mtengenezaji wa gemu anajuaje akate alama ngapi mtu akifika 34? Njia ya mkato ni kukusanya wote waliocheza wakiwa na 34, kutafuta wastani wao na kuulinganisha na wa vijana wa 27, umri ambao Bill James, mtu wa takwimu za besiboli, aliutaja tangu mwanzoni mwa miaka ya 80 kuwa ndio kilele. Ukifanya hivyo utashangaa: wazee wako vizuri tu! Ni sawa na kupima uimara wa mabasi ya zamani kwa kuhesabu yaliyoko barabarani, ukasahau yaliyolala gereji. Wachezaji waliochoka walishaachwa, kwa hiyo hawamo kwenye hesabu.

Basi wataalamu wakageuza: mlinganishe kila mtu na nafsi yake, mwaka huu na mwaka jana. Ni bora, ila nayo ina mtego, na huu ndio ninaoupenda. Mzee akipata msimu mbaya kwa bahati mbaya tu, timu haimpi mwingine, hivyo kule kuinuka kwake hakuonekani popote. Aliyebahatika anasajiliwa tena, na mwaka unaofuata anarudi chini kwenye kiwango chake. Grafu inainama kuliko uzee wenyewe. Njia ya kwanza inawapendelea wazee, ya pili inawaonea.

Mwangalie mpigaji Albert Pujols. Timu ya Angels ilimpa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 240, akaanza nao 2012 akiwa na 32, na akawa anateremka mpaka ikamwacha Mei 2021. Kwa grafu yoyote habari yake ilikuwa imekwisha. Mwaka 2022, akiwa na 42, alirudi Cardinals, timu yake ya zamani, akapiga homurani (mipigo ya kuvusha mpira nje ya uzio) 24 na kumaliza maisha yake ya uwanjani na 703. Mwingine asiye na jina kama lake asingeitwa hata mazoezini. Halafu kuna mrushaji Jamie Moyer, aliyeshinda mechi ya ligi kuu Aprili 2012 akiwa na miaka 49, siku ambayo hakuna mpira wake uliofika maili 80 kwa saa. Alikuwa ameshaishi bila kasi kwa miaka mingi, kwa hiyo uzee haukuwa na kikubwa cha kumpokonya.

Ndiyo maana gemu inayomkata kila mtu alama mbili kwa mwaka, kama makato ya mshahara, huwa inanichosha upesi. Out of the Park inanifurahisha kwa sababu anguko linakuja kwa kishindo, mara nyingi nyuma ya jeraha, na wengine linawapita kabisa. Unaweza pia kuweka kasi ya kuzeeka kando na kasi ya kukua. Usiipandishe sana ya kuzeeka. Niliwahi kujaribu, na baada ya misimu michache ligi yangu ikawa shule ya sekondari.

Yule wangu wa katikati nilimhamishia kushoto, ambako mbio ni chache, nikamweka wa kwanza kwenye orodha ya kupiga ili jicho lake lifanye kazi. Julai timu moja ikaja na warushaji wawili vijana, ikiitazama alama yake ya jumla kwa uchu. Nikawapa bila kubishana. Jana nilimchungulia huko aliko: kasi 45, jicho 65.