Majeruhi Apelekwe Wapi Kwanza?

Simu za namna hii hunifikia zaidi usiku wa Jumamosi. Mtu nisiyemfahamu, aliyepewa namba yangu na ndugu yake, ananiamkia haraka, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba ananiuliza: "Daktari, kijana wetu amegongwa na lori huku Igalula, tumpeleke Kitete au tutafute gari tuunganishe moja kwa moja hadi Bugando?" Mimi ni daktari wa tiba ya dharura, kituo changu cha kazi ni Tabora, na nimelisikia swali hilo mara nyingi kiasi cha kujua kasoro yake. Anayeuliza anatafuta hospitali kubwa: Kitete ni hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, na Bugando ni ya kanda, kule Mwanza. Ningependa aniulize jambo jingine: ni kitu gani kinachoweza kumuua kijana huyu katika saa moja ijayo, na ni nani aliye karibu anayeweza kukizuia?

Vitu vinavyoua haraka baada ya ajali si vingi. Njia ya hewa inaweza kuzibwa na damu, matapishi au ulimi wa mtu aliyepoteza fahamu, na hapo dakika chache tu zinatosha kumaliza kila kitu. Hewa inaweza kuvuja kutoka kwenye pafu lililotoboka ikajaa kifuani, ikalibana pafu pamoja na moyo hadi damu ishindwe kurudi moyoni. Kisha kuna kuvuja damu, ambako watu wengi hukutambua pale tu wanapoiona nguo imelowa. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu ya lita 5 hivi. Fupa la paja likivunjika, lita moja hadi moja na nusu inaweza kumwagikia ndani ya misuli bila tone kuonekana nje, na nyonga iliyovunjika inaweza kumeza zaidi ya hapo. Majeruhi wa aina hii huwa amepauka, ana jasho la baridi na mapigo ya moyo ya haraka, naye huomba maji kila mara. Ndugu humpa soda, na mimi humkuta tumbo limejaa wakati anatakiwa kupewa usingizi kwa ajili ya upasuaji.

Sasa angalia ni nani anayeweza kufanya nini. Kusafisha koo, kumpa oksijeni, kutoa hewa iliyojaa kifuani kwa sindano nene, kugandamiza jeraha linalovuja, kufunga nyonga kwa shuka iliyokazwa na kuweka dripu ni kazi ambazo tabibu aliyefundishwa vizuri anaweza kuzifanya katika kituo cha afya. Anaweza pia kuchoma asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia damu iliyokwisha kuganda isiyeyuke mapema. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza vifo vya kuvuja damu ikitolewa mapema, hasa ndani ya saa ya kwanza, na kwamba ikianzwa baada ya saa 3 inaweza hata kudhuru. Mwanza iko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Anayelipita geti la kituo chenye dawa hiyo kwa sababu "pale ni padogo" anaweza kufika kwenye hospitali kubwa wakati muda wake umekwisha.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba kituo cha karibu kinatosha kwa kila jambo. Tangu mwaka 2017 serikali imejenga thieta, yaani vyumba vya upasuaji, katika vituo vingi vya afya, nami nimeyafurahia majengo hayo, lakini thieta hizo zilikusudiwa hasa kwa ajili ya wajawazito wanaohitaji kujifungua kwa upasuaji. Wengu uliopasuka au ini lililochanika huhitaji mtu anayejua kufungua tumbo lililojaa damu na kupata chanzo chake upesi, mtaalamu wa usingizi anayeweza kumshikilia mgonjwa ambaye presha yake haisomeki, na damu ya kutosha. Kimoja kikikosekana, jengo halisaidii. Ndiyo maana nasisitiza simu ipigwe kabla gari halijaondoka au likiwa njiani, na anayepiga aulize mambo ya leo: je, daktari wa upasuaji yupo zamu sasa hivi, mtaalamu wa usingizi yupo, damu ya kundi lolote ipo, mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya kichwa na mwili, inafanya kazi? Kibao cha getini hakiwezi kujibu maswali hayo. Sisi wa Tabora tuna nafuu moja ambayo wenyeji wengi hawaijui, kwamba kituo cha damu salama cha Kanda ya Magharibi kipo mjini hapa. Lakini damu haitengenezwi kiwandani, hutoka kwa wachangiaji, na kuna siku friji huwa na chupa chache kuliko majeruhi wa basi moja.

Kwa majeraha mengi ya mkoa huu, basi, njia ni kituo cha karibu kwa hatua za kuokoa uhai, kisha Kitete, na kwa wenzetu wa Kigoma ni Maweni, halafu rufaa ya juu pale inapohitajika: Bugando, Benjamin Mkapa Dodoma, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Jeraha la kichwa ndilo linalonifanya niwahimize watu kufikiria rufaa mapema kuliko kawaida. Tunapima ufahamu kwa kipimo cha Glasgow, kilichotungwa mwaka 1974, chenye alama kuanzia 3 hadi 15, na mgonjwa mwenye alama 8 au chini yake kwa kawaida hawezi kuachwa ailinde njia yake ya hewa mwenyewe. Anayenitia hofu zaidi, hata hivyo, ni yule aliyezimia kidogo, akazinduka, akaongea na hata kuomba simu yake, halafu baada ya saa kadhaa akaanza kusinzia na kutapika. Mshipa uliopasuka chini ya fuvu unaweza kuwa unajaza damu taratibu na kuusukuma ubongo. Huyo akiachwa "apumzike" hadi asubuhi, mara nyingi hakuna asubuhi. Anahitaji picha ya CT na daktari wa kufungua fuvu, na kila saa ina bei yake.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpokea mrina asali aliyeanguka kutoka juu ya mti katika misitu ya Sikonge. Alikuwa amevunjika nyonga. Wenzake walimbeba kwenye pikipiki, akikaa katikati ya watu wawili kama mshikaki, hadi katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, na pale akalazwa kwenye benchi kwa karibu saa 4 akisubiri picha ya eksirei ya mguu ambao haukuwa umevunjika, na hakuna aliyempima presha. Fomu ya polisi, PF3, ilitafutwa pia, ingawa mtu aliyeanguka mwenyewe mtini hana kesi na yeyote. Fomu hiyo ina kazi yake katika ajali za barabarani na mashambulizi, lakini majeruhi aliye hatarini hutibiwa kwanza na karatasi hufuata. Alipofika kwangu alikuwa wa baridi kama samaki wa barafu. Baridi hiyo si jambo dogo, kwa sababu mwili uliopoa hushindwa kugandisha damu; kwa hiyo hata hapa Tabora, penye jua la kuchoma, majeruhi afunikwe blanketi. Tulimfunga nyonga, tukampa damu chupa 5, na baada ya wiki nyingi aliondoka kwa magongo. Benchi lile bado linanisumbua, maana kilichokosekana pale ni utaratibu tu. Mashine ya kupimia presha ilikuwa imening'inia ukutani.

Jambo hilo si geni wala si la umaskini wetu peke yake. Mwaka 1976 daktari wa mifupa wa Marekani, James Styner, alianguka na ndege yake ndogo huko Nebraska akiwa na familia. Mke wake alifariki, na watoto walijeruhiwa vibaya. Huduma waliyoipata mwanzoni ilimsikitisha sana, akashirikiana na wenzake kutayarisha mafunzo ya kumhudumia majeruhi kwa mpangilio: njia ya hewa kwanza, kisha upumuaji, kisha damu, kisha ufahamu, ndipo mengine. Kozi ya kwanza ilifanyika mwaka 1978, na leo mpangilio huo unafundishwa duniani kote. Ukimwona mhudumu anamsikiliza majeruhi kifua kabla ya kuutazama mguu uliopinda, usimkaripie kwamba haoni mguu. Ameuona.

Kuhusu waunga mifupa wa mitaani nitasema kwa kifupi, kwa kuwa najua wanaheshimiwa na baadhi yao ni wazee wangu. Mkono uliovunjika bila jeraha mara nyingi huunga hata kwa gango lao la vijiti. Mfupa uliotokeza nje ya ngozi ni habari nyingine kabisa: unahitaji dawa ya kuzuia maambukizi mapema iwezekanavyo, chanjo ya pepopunda na kusafishwa thietani. Vijiti vilivyofungwa vikakazwa juu ya mguu unaovimba hukata mzunguko wa damu, na nimewahi kuukata mguu wa mtoto kwa sababu hiyo hiyo. Vidole vikiwa vya baridi, vimekufa ganzi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, vijiti vifunguliwe siku hiyo hiyo.

Usafiri nao uangaliwe. Gari lolote ambalo majeruhi anaweza kulala ndani yake, iwe Noah au pikapu ya tumbaku, ni bora kuliko pikipiki. Ageuzwe kwa pamoja kama gogo, watu watatu wakishirikiana na mmoja akishika kichwa, na kama anatapika alazwe ubavu huku shingo ikifuata mwili. Waendesha bodaboda ndio wanaofika wa kwanza kwenye ajali nyingi, kwa hiyo katika vijiwe vyao ningependa kuona imebandikwa namba ya zamu ya idara ya dharura ya hospitali ya mkoa.

Mgonjwa akihamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, ndugu aombe barua ya rufaa na aisome kabla ya kupanda gari. Iwe imeandikwa saa ya ajali, presha na ufahamu alipofika, dawa alizopewa na saa ya kila moja, hasa asidi ya traneksamiki, pamoja na jina la daktari aliyezungumza na wapokeaji. Kama nafasi ya jina hilo ni tupu, maana yake huenda hakuna aliyepigiwa simu, na ni afadhali kupoteza dakika 5 hapo getini ipigwe.