Je, mionzi huivisha nyama?

Swali hili nililisikia Njiro, Arusha, kwenye kibanda cha mama lishe si mbali na ofisi za Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Kijana wa bodaboda alikuwa akipuliza chai ya rangi, mara akauliza: "Eti hiyo mionzi, ikikupiga si unaiva kama yai la kuchemsha?" Watu wakacheka. Mimi niliona ni swali zuri kuliko waliocheka walivyodhani.

Tupige hesabu kwanza. Dozi ya grei 5 kwa mwili mzima inaweza kumuua mtu asipotibiwa. Grei 1 ni jouli 1 kwa kila kilo, kwa hiyo mtu wa kilo 70 amepokea jouli 350 tu. Kijiko kimoja cha ile chai kina joto kuzidi hapo! Mwili unapanda joto kwa kama sehemu moja ya elfu ya nyuzi. Kuiva hakupo.

Yai likiwa kwenye maji yanayochemka, joto huzitikisa protini mpaka mikunjo yake inafumuka, zinashikana ovyo, na ute unageuka mweupe. Lakini mnyororo wenyewe wa asidi amino, yaani vipande vinavyoijenga protini, kwa sehemu kubwa unabaki mzima. Mionzi kama ya gamma ina tabia nyingine: inang'oa elektroni. Na kwa kuwa karibu asilimia 70 ya seli ni maji, mara nyingi kinachopigwa ni maji, si protini.

Hapo ndipo balaa linapoanza. Molekuli ya maji ikipasuka huzaa radikali ya haidroksili: oksijeni moja, haidrojeni moja, na elektroni isiyo na mwenzake. Haiishi hata sekunde, wala haifiki mbali, ila inachokigusa, mara nyingi inakipora haidrojeni. Ikiipora kwenye kaboni ya uti wa mnyororo wa protini, oksijeni iliyo jirani hurukia pale penye jeraha, na baada ya hatua kadhaa mnyororo unakatika. Pasipo oksijeni, protini mbili zilizojeruhiwa huweza kuungana. Asidi amino mbili za tairosini, kwa mfano, hushikana moja kwa moja. Asidi amino zenye salfa, yaani sisteini na methionini, ni miongoni mwa zinazoumia mapema.

Salfa hiyo hata pua inaijua. Nyama mbichi iliyopigwa gamma nyingi huweza kutoa harufu ambayo wengi huifananisha na ya mbwa aliyenyeshewa, kwa sababu ya vipande vyenye salfa vilivyomeguka kutoka kwenye asidi hizo. Nyama bado ni mbichi na ya baridi, lakini kemia yake imeshaguswa.

Ukiigandisha kwanza, mambo hupoa. Kwenye barafu radikali hazina pa kukimbilia, nyingi zinamalizana zenyewe kwa zenyewe. Protini kavu nayo huvumilia zaidi kuliko iliyo majini.

Nisimtishe mtu, lakini: kwenye ile grei 5 kinachoua hasa si uharibifu wa protini, ni wa DNA, yaani vinasaba vya seli. Seli ina nakala nyingi za protini ileile, ikiharibika moja zipo nyingine, ila DNA nakala zake ni za kuhesabu. Ndiyo maana dozi inayomaliza bakteria kwenye nyama inaweza kuviacha vimeng'enya, ambavyo navyo ni protini, vikiendelea na kazi yake. Bakteria wamekufa, nyama inajimeng'enya yenyewe polepole.

Kwa hiyo nyama ya wanaanga wa Marekani, ile inayopigwa mionzi ili ikae muda mrefu bila friji, hupitishwa kwanza jikoni. Inapikwa mpaka vimeng'enya vife, inagandishwa, halafu ndipo inapigwa mionzi.