Tiketi ya KQ (Kenya Airways) na treni ya SGR: tunayoambiana Mombasa na ukweli wenyewe

Naanza na hii kwa sababu nimemuona mtu akilia nayo. Wengi hapa kwetu wanaamini ukikata tiketi ya Mombasa–Nairobi–Dubai, kile kipande cha Mombasa–Nairobi ukikiacha hakuna neno, umewaachia kiti chao tu. Basi mtu anapanda SGR Miritini siku mbili kabla, anashuka Syokimau, anakaa kwa dadake Eastleigh, siku ya safari anaenda zake JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, na masanduku, kufika kaunta anaambiwa tiketi yake imefutwa. Jirani yangu wa Kisauni yalimpata hayo, shirika silitaji, alikuwa anaenda kazini Ghuba na nauli ilichangwa na familia nzima, ikabidi wachange tena jioni ile ile, na bei ya tiketi ya siku hiyo hiyo mwaijua.

Ukweli ni kwamba vipande vya tiketi vinatumika kwa mpangilio ulivyoandikwa. Usipotokea cha kwanza unaandikwa hukuja, na vilivyobaki vyote vinafutwa mpaka vya kurudi. Si KQ peke yao, mashirika makubwa mengi yako hivyo, na imeandikwa kwenye yale masharti tunayobonyeza "nakubali" bila kusoma. Ukitaka kutangulia Nairobi, mwambie ajenti tangu mwanzo akukatie safari inayoanzia Nairobi. Kama ushakata, piga simu ibadilishwe KABLA ndege ya Mombasa haijaruka, huenda ukaongeza pesa kidogo lakini tiketi inabaki hai.

Ya pili ni ndugu yake hiyo: "kata mbili mbali mbali, ni rahisi zaidi." Bei ni rahisi kweli, sikatai. Lakini ukiwa na tiketi moja na ndege ya kutoka uwanja wetu wa Moi hapa Mombasa ichelewe, ni juu yao kukutafutia ndege nyingine ya mbele. Ukiwa na mbili zisizojuana, yule wa pili hana habari na kuchelewa kwa yule wa kwanza, kwake yeye wewe ni abiria ambaye hakufika, kwisha. Halafu kuna mabegi. Mombasa ukipeana sanduku uliza "hili linafika wapi?" na uangalie mwenyewe ile karatasi wanayolifunga nayo, ikiwa imeandikwa DXB basi mtaonana Dubai, ikiwa ni NBO ujue unalichukua Nairobi ulipeleke tena kaunta, na muda huo uuhesabu.

Wengine wanasema KQ ni ya serikali, kwa hivyo mambo yakiharibika mheshimiwa atapiga simu. Serikali ina hisa 48.9 kwa mia, yani hata nusu haifiki. Sehemu kubwa ingine ni ya mabenki yaliyokuwa yanawadai, deni likageuzwa hisa 2017, na KLM wana kidogo. Ilianzishwa 1977 baada ya lile shirika la ndege la Afrika Mashariki kuvunjika, ikabinafsishwa 1996. Ni kampuni, mmeandikiana mkataba nayo, na kinachokutetea ni tiketi na karatasi zako.

Kuna wanaoogopa ati ndege zetu zaanguka. Zimeanguka mbili za kuua, Abidjan 2000 na Douala 2007, na waliofiwa hawajasahau, Mungu awarehemu marehemu wote. Lakini baada ya Douala KQ haijaua abiria kwa ajali, na safari ya moja kwa moja Nairobi–New York iliyoanza Oktoba 2018 haingewezekana bila Marekani kwanza kukagua na kuridhika na usimamizi wa anga wa Kenya.

Sasa mama zangu na achari. Kwa safari ya nje ya nchi, kwenye begi la mkononi kinachoangaliwa ni ukubwa wa chombo, si kilichobaki ndani. Chupa ya mililita 200 yenye achari nusu itachukuliwa, mwisho ni 100. Achari, asali, mafuta ya nazi, yafungeni vizuri yaende kwenye sanduku la chini. Pawabenki, ile betri ya kuchajia simu, ni kinyume chake, hiyo haikai kwenye sanduku la chini hata kidogo kwa ajili ya moto, ibebe mkononi. Ya mAh 20,000 kwa kawaida inaruhusiwa kwani ni kama wati-saa 74 na mpaka ni 100.

Begi lisipotokea, usiende nyumbani ukisema "kesho ntarudi." Ripoti hapo hapo ndani kabla hujatoka, upewe karatasi yenye namba. Likivunjika una siku 7 za kulalamika kwa maandishi, likichelewa una 21 tangu ulipolipata, ni mkataba wa kimataifa wa Montreal na Kenya imo. Dhahabu na dawa za mzee usiweke kwenye sanduku la chini kabisa.

Na hii wengi hawaijui: ndege ikichelewa sana si lazima ulipwe, inategemea umetokea wapi. Ukitoka Amsterdam au Paris na KQ kuja Nairobi, ukafika umechelewa saa 4 au zaidi na kosa ni lao, sheria ya Ulaya inakupa yuro 600. Ukitoka Nairobi kwenda huko na KQ hao hao, sheria hiyo haikuhusu. Kwa hivyo ukiwa Ulaya likikufika, tunza kile kipande cha kupandia ndege, piga picha ule ubao wa saa, na uwaandikie.