Kumnyang'anya mtoto simu si dawa

Kila mzazi anaekuja kwangu na mtoto anaetukanwa mtandaoni anakuja na dawa yake tayari. Hapa Mombasa, Kisauni, Likoni, Tudor, wote wimbo ni mmoja: "Simu nimeichukua mwalimu, sasa watamtukania wapi?" Jamani! Hili ndilo linaniumiza zaidi kwahivyo nitakaa hapa.

Msichana wa form two, mwaka 2020 shule zilipofungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, walikuwa wakisoma kwa grupu ya WhatsApp. Mtu akachukua picha yake ya profaili akaifanya stika, akaiandika uchafu juu, ikawa kila mwalimu akiuliza swali ile stika inarushwa kwenye grupu ya pembeni ambayo mwalimu hayuko. Mamake alipojua akaifungia simu kabatini. Stika ikaisha? Wapi! Iliendelea kwenye simu za wenzake, ila sasa yeye haoni kinachosemwa, usiku halali anawaza mabaya kuliko yale yalioandikwa, masomo hana, na yule rafiki mmoja aliekuwa akimtetea nae hampati. Alafu kubwa kuliko yote, ashajua kwamba akisema anaadhibiwa yeye. Mara ya pili hasemi ng'o, na wadogo zake waliokuwa wakitazama pia hawatasema.

Na mwaka huo wa 2020 simu ndio ilikuwa darasa lao na ndio uwanja wao. Machi kafyu, Aprili Mombasa ikafungwa hakuna kuingia wala kutoka, Mei Mji wa Kale ukazibwa peke yake, mtoto wa miaka 15 angekutana na wenzake wapi?

Akikuletea habari, neno la kwanza liwe "simu yako siichukui". Kisha pigeni skrinshoti zinazoonyesha jina, namba na tarehe KABLA ya kubloki mtu, maana ujumbe ukifutwa huna cha kumuonyesha mwalimu wala polisi. Simu kulala sebuleni usiku ni sawa kabisa, lakini zilale za nyumba nzima, na yako baba pia.

Mwaniambia: "Ni mzaha tu, hata sisi tulitaniana." Wenu uliishia njiani mkitoka shule, huu anaingia nao kitandani. Na sheria ya Kenya ya uhalifu wa mtandao ya 2018, kifungu cha 27, haisemi mzaha, inasema faini hadi shilingi milioni 20 au jela hadi miaka 10. Mtoto ana mahakama yake, lakini kesi ni kesi.

"Mvulana haumii na maneno." Anaumia, ila halii mbele yenu. Anakuwa mkali, hali chakula, anagombana na dadake, mwamwita jeuri.

"Ni jicho hilo." Kisomo kizuri, msomeeni, lakini muulizeni pia kuna nini kwenye simu.

"Shule zikifunguliwa yataisha." Hao wa grupu ndio atakaokaa nao dawati moja! Form four waliorudi Oktoba 12 mwaka huo wa 2020 walikutana na maneno yale yale darasani. Nendeni mkamuone mwalimu wa darasa kabla shule hazijafunguliwa, na skrinshoti zenu mkononi.

Na akisema amechoka kuishi, au ukimuona anajikatakata mikono, usingoje kesho wala usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hio hio. Namba ya watoto ni 116, kupiga ni bure, na yeye mwenyewe anaweza kupiga, kwahivyo mpe hio namba leo na simu yake umwachie.