Tiba kamilishi ni nini? Kichwa, sainasi na shingo iliyokaza

Nyumbani kwetu kulikuwa na sufuria moja kuukuu isiyopikiwa chakula. Hiyo ilikuwa ya kujifukizia. Ukiamka na mafua, paji la uso zito kama umebebeshwa tofali, mama anachuma majani ya mkaratusi na mchaichai, anayachemsha, anaweka sufuria sakafuni mbele ya kigoda, na wewe unafunikwa blanketi mpaka jasho likutiririke mgongoni. Ukitoka humo unapewa Panadol na maji. Sikumsikia hata siku moja akibishana ni kipi kati ya hivyo viwili kilichoponya.

Alichokuwa akifanya kina jina: tiba kamilishi. Ni njia ya kutuliza maradhi ambayo kwa kawaida haitolewi hospitalini, lakini hutumika pamoja na matibabu ya hospitali. Neno zito hapo ni "pamoja". Ikishika nafasi ya matibabu yenyewe, hiyo ni tiba mbadala. Mtaani tunayachanganya haya majina, kila kisicho kidonge wala sindano tunakiita mbadala. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na ndiyo maana majina hayo mawili yamezoeleka masikioni kuliko hili la tatu. Mvuke wa mkaratusi ni tiba asili ukitazama ulikotoka. Kwa aliyekwisha kupimwa ni tiba kamilishi. Kwa aliyeapa kuwa hakanyagi zahanati, mvuke ule ule ni tiba mbadala. Jani halijabadilika.

Huwezi kukamilisha usichokijua, kwa hiyo swali linalotangulia ni hili: kinachouma ni kichwa gani? Kichwa cha mkazo ndicho cha wengi. Kinabana pande zote mbili kama umefungwa kitambaa, na mara nyingi shingo na mabega yamekaza pia. Kipandauso hupenda upande mmoja, hupwita, huleta kichefuchefu, na mgonjwa hutamani chumba chenye giza. Sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, jozi 4. Njia zake zikivimba, kamasi hukwama na uso huuma, hasa ukiinama.

Hapa watu wengi hukosea. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliwachunguza watu 2,991 waliokuwa na hakika kwamba kichwa chao ni cha sainasi. Asilimia 88 walikutwa na dalili za kipandauso. Kipandauso nacho huweza kuziba pua na kutoa machozi, ndiyo maana kinadanganya. Mtu anaweza kujifukiza miaka na miaka kwa ugonjwa ambao hana, huku dawa ya ule alionao ipo.

Turudi kwenye sufuria. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watu 871 wenye sainasi sugu au ya kujirudia. Mvuke ulipunguza kuumwa kichwa, lakini dalili nyingine haukuzigusa. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi kulileta nafuu, si kubwa, lakini ya kweli. Kwa hiyo mama hakukosea kuhusu kichwa. Ninachoogopa ni maji ya moto yenyewe: mtoto chini ya blanketi akipiga sufuria teke, ni mapaja yanayoungua. Mtoto asifukizwe hivyo. Mtu mzima naye aweke sufuria mahali imara, aanze kujifukiza sufuria ikishatoka motoni na mchemko umetulia.

Maji ya chumvi yana kanuni moja isiyo na mjadala: yachemshwe kwanza. Mwaka 2011 watu wawili walifariki Louisiana, Marekani, baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yenye amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, anayepenya kutoka puani hadi kwenye ubongo. Maji hayo hayo ukiyanywa, tumbo linammaliza amiba huyo. Puani hakuna kizuizi hicho. Chemsha maji, yaache yatokote dakika moja kamili, au dakika 3 kama unaishi juu ya mita 2,000 hivi, yapoe hadi vuguvugu. Nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi inatosha. Inamia sinki, laza kichwa upande, mimina polepole pua ya juu, pumua kwa mdomo, maji yatatokea pua ya pili.

Kwa kichwa cha mkazo, mafuta ya mmea wa peremende (peppermint) yana ushahidi mzuri kuliko watu wanavyodhani. Jaribio la Ujerumani la mwaka 1996 lilionyesha kuwa mafuta hayo, yakiwa yamechanganywa kwa kiwango cha asilimia 10, yakipakwa kwenye paji na panja hutuliza karibu sawa na miligramu 1,000 za paracetamol. Usimpake mtoto mchanga usoni, yanaweza kumbana pumzi. Akupancha, zile sindano za Kichina, nayo inakubalika: mwongozo wa mwaka 2012 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu Uingereza, unaruhusu hadi vipindi 10 ndani ya wiki 5 hadi 8 kwa kuzuia kichwa cha mkazo kilicho sugu. Chuku, au hijama, yaani kuchanjwa na kunyonywa damu kwa vikombe, ina wapenzi wengi Pwani, lakini ushahidi wake kwa kichwa ni mwembamba. Anayetaka kuumikwa ahakikishe wembe ni mpya na umefunguliwa mbele yake, kwa sababu homa ya ini na VVU hupita kwenye damu.

Masaji ya shingo na mabega inafaa, na sindano wala jani havihitajiki. Ila kuna kitu kimoja saluni ambacho kinanitia hofu kila ninapokiona. Kinyozi amemaliza kunyoa, amekukanda vizuri, umelegea kitini, kisha anakushika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, anakizungusha kichwa ghafla mpaka shingo ilie "ka!" Mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo umepita humo kwenye mifupa ya shingo, na unaweza kuchanika. Si jambo la kutokea kila siku, lakini likitokea ni kiharusi. Mwambie mapema: kanda, usivunje.

Vidonge navyo vina mpaka. Paracetamol au ibuprofen siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, zinaweza zenyewe kuzaa maumivu ya kichwa. Hapo ndipo tiba kamilishi inapokuwa na kazi kubwa, kukusaidia kuvuka majuma ya kupunguza dawa chini ya uangalizi wa daktari.

Na kuna vichwa visivyosubiri sufuria. Kichwa kilicholipuka ghafla kuliko vyote ulivyowahi kuumwa, au kilichokuja na shingo ngumu, upande mmoja wa mwili kuishiwa nguvu, au baada ya kuanguka, nenda hospitali sasa hivi. Chenye homa, kapime malaria siku hiyo hiyo. Mjamzito aliyepita wiki ya 20 anayeumwa kichwa huku akiona vimulimuli, apimwe presha na mkojo bila kungoja kesho.