Chumvi ya Uvinza haitoshi kuwa bahari

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga samaki wa baharini hapa Kigoma nilikwenda soko la Mwanga, nikaagiza kilo tatu na nusu za chumvi ya Uvinza. Mama muuzaji akanitazama. "Mwanangu, una harusi?" Nikamwambia hapana mama, natengeneza bahari nyumbani. Akacheka mpaka akashika meza, kisha akanitupia kiganja cha nyongeza. "Basi hii ya mawimbi."

Kwenye hesabu sikuwa mgeni. Kazi yangu ni kupima maji, ya visima na ya bomba, na nilijua kwamba bahari ina takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja ya maji. Tangi langu lilikuwa la lita 100, kwa hiyo kilo tatu na nusu. Maji nilichota ziwani, maana Tanganyika iko hapo chini ya mteremko na haileti bili. Nikakoroga, haidromita, kifaa cha kuelea cha kukadiria chumvi majini, ikasimama kwenye 1.025, pale pale panapotakiwa. Samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, waliotoka Dar es Salaam kwa ndege kwenye mifuko iliyojazwa oksijeni, wakaingia pamoja na kamba mmoja mdogo.

Kamba alifia katikati ya kujivua gamba, nusu ndani nusu nje. Wiki mbili hazikuisha, samaki nao wakamfuata.

Haidromita ilikuwa nzima. Ila kinachopimwa na haidromita ni uzito wa maji tu, haijui kilichoyeyuka humo ni nini. Weka sukari ya kutosha nayo itasimama kwenye 1.025 vilevile. Katika zile gramu 35 za bahari, kama 30 ni sodiamu na kloridi, yaani chumvi ya mezani. Zilizobaki ndizo nilizozidharau: salfeti karibu gramu 2.7, magnesiamu 1.3, kalsiamu 0.4, potasiamu 0.4, na bikabonati kidogo. Chumvi ya Uvinza, ambayo watu wameichemsha kutoka chemchemi za pale kwa zaidi ya miaka elfu moja, karibu yote ni sodiamu na kloridi. Kwenye maharage huo usafi ni sifa. Kwenye tangi ni upungufu. Kamba hutengeneza gamba jipya kwa kalsiamu. Baharini anaipata miligramu 400 na ushee kwa lita, na maji ya ziwa letu yana kama 10 tu.

Samaki walikufa kwa sababu nyingine, na hapa ndipo Tanganyika inapoingia kwenye kesi. pH ya bahari, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, ni 8.1 au 8.2. Ya ziwa letu juu juu inakaribia 9, na bikabonati yake ni karibu mara tatu ya ile ya bahari. Bikabonati ndiyo inayoishikilia pH isiyumbe, na kwangu iliishikilia kwenye 8.8 na kukataa kushuka. Samaki anapopumua na chakula kinapooza, amonia huzalishwa. Amonia hukaa majini kwa sura mbili, moja yenye chaji ya umeme ambayo samaki anaivumilia, na nyingine isiyo na chaji inayopenya mashavuni na kumuua. Kinachoamua mgawanyo ni pH. Maji yakiwa na pH 7, iliyo kali haifiki hata asilimia 1. Kwenye 8.2 inakuwa kama asilimia 7 au 8. Kwenye 8.8 ni karibu robo nzima. Kiasi kile kile cha uchafu ambacho samaki wa kisimani angekimeza bila shida, kwangu kilikuwa sumu.

Nikajirudi, nikaagiza chumvi halisi ya matangi, iliyochanganywa madini yote kwa uwiano wa bahari. Ghali, na usafiri juu. Nikaimimina tena kwenye maji ya ziwa (mtu mkaidi hafundishwi siku moja). Baada ya saa chache ndoo ilikuwa nyeupe kama tui. Kesho yake tui limetua, chini kuna unga laini ambao ukiusugua vidoleni ni chokaa. Kalsiamu ya kwenye chumvi ilikutana na bikabonati na pH ya ziwa, zikaungana, zikadondoka. Nilikuwa nimelipa nauli ya ndege kuletewa chokaa. Ukitaka kuona jambo hilo likitokea lenyewe, tembea ufukweni uangalie mawe ya majini: mengi yana ukoko mweupe mgumu. Ziwa tayari limeshiba, kalsiamu kidogo tu ikiongezeka inaganda.

Maji ya kuanzia, basi, yawe matupu kadiri iwezekanavyo. Mvua inafaa, na huku tunaipata tangu Oktoba hivi hadi Mei, lakini usikinge kwenye paa la bati. Bati lina zinki, na wadudu wa baharini wasio na uti wa mgongo hawaivumilii, kama wasivyovumilia shaba. Weka beseni la plastiki uwanjani, acha nusu saa ya kwanza ya mvua ioshe hewa, ndipo ukinge. Kiangazi mimi hununua maji yaliyochujwa kwa utando kwenye vituo vya kujaza madumu, ila uliza kwanza kama wanarudishia madini mwishoni, kwa sababu baadhi hufanya hivyo ili maji yawe na ladha. Maji ya bomba yana klorini, nayo lazima itolewe. Chumvi huingia kwenye maji, si maji kwenye chumvi, kisha pampu ndogo ikoroge usiku kucha. Gramu 35 kwa lita ni pa kuanzia, upime, urekebishe.

Sasa uchujaji. Wanaonipigia simu wengi huanza na swali la ninunue filta gani, nami huwajibu kwa dagaa. Sitanii. Tangi likishakuwa na maji ya chumvi, pampu na mawe, natia dagaa mmoja mkavu wa Kigoma humo na kumwacha aoze. Hakuna samaki bado. Dagaa anatoa amonia, na kipimo cha matone kinageuka kutoka njano kwenda kijani. Inakuja jamii ya bakteria wanaoila amonia na kuifanya nitriti, kisha jamii nyingine wanaoifanya nitriti kuwa nitrati. Hawa wa pili ni wavivu wa kuzaana, kwa hiyo kuna wiki ambazo amonia imekwisha na nitriti iko juu, na mwenye tangi anadhani mambo yameharibika. Subiri. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita. Amonia na nitriti zote zikisoma sufuri, na ukiongeza chakula kidogo zikarudi sufuri ndani ya siku moja, filta yako iko hai. Nitrati inayobaki haina haraka ya kuua. Unaipunguza kwa kubadilisha maji, asilimia 10 hivi kila wiki.

Bakteria hao hawaelei majini, wamejishika kwenye nyuso za vitu. Ndiyo maana natumia mawe makavu ya matumbawe yale ya kujengea huko pwani: yana vitundu kila mahali, jiwe la ukubwa wa ngumi lina makazi mengi kuliko kioo chote cha tangi. Na ndiyo maana sponji ya filta haioshwi bombani. Klorini itaua kile ulichokisubiri wiki sita. Ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni cha povu. Ni mrija mrefu unaopuliziwa viputo vidogo mno. Mabaki ya protini yana upande unaopenda maji na upande unaoyakwepa, kwa hiyo hujibandika kwenye ngozi ya kiputo, yanapanda nacho na kumwagikia kikombe cha juu. Kinachokusanyika humo kina rangi ya chai ya rangi iliyolala, na harufu ambayo mke wangu ameshaitolea amri: kikombe kinamwagwa nje, si kwenye sinki. Uzuri wake ni kwamba uchafu unatoka kabla haujawa amonia. Kwenye maji yasiyo na chumvi hakifanyi kazi ya maana, kwani viputo huungana na kuwa vikubwa. Chumvi huvizuia visiungane. Mkaa maalumu wa kuchujia nao huondoa rangi na harufu, lakini huchoka baada ya wiki kadhaa, na ule wa kuchomea mahindi si mbadala wake.

Umeme ukikatika, hofu yako ya kwanza iwe oksijeni. Maji ya chumvi hubeba pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji yasiyo na chumvi ya joto lile lile, na sisi tuko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, jambo linalopunguza tena. Pampu ya hewa ya betri iwe karibu na tangi, si kabatini. Kama filta yako ni ya kopo lililofungwa na imezimika saa nyingi, usiiwashe hivi hivi. Maji ya ndani yamekosa hewa na kuoza, yamwage kwanza.

Mwenyeji wa Kigoma anayeanza ningemshauri aanze na samaki wa ziwani. Ujerumani na Marekani kuna watu wananunua poda ya kugeuza maji ya bomba yao yawe kama ya Tanganyika, sisi tunayaoga. Lakini najua ukishayaona matumbawe hushauriki.

Kwa wewe usiyeshaurika, bandika utepe kwenye kioo usawa wa maji. Maji hupaa, chumvi haipai. Lita 5 zikipaa kwenye tangi la 100, gramu 35 zimekuwa karibu 37. Kila asubuhi, kabla ya shule, binti yangu anajaza mpaka kwenye utepe kwa maji matupu ya dumu la bluu. Dumu jekundu, lenye maji ya chumvi, haruhusiwi kuligusa.