Fedha za kuthubutu katika elimu: nani atalipia jibu la "hapana"?

Kazi yangu ni kusoma maandiko ya miradi ya elimu yanayoomba fedha za majaribio, na kupendekeza yapi yafadhiliwe. Karibu kila andiko hujiita la kibunifu. Mimi huanzia ukurasa wa tathmini, nikitafuta kitu kimoja: waombaji wamesema ni matokeo gani yatawafanya wakiri kwamba wazo lao limeshindwa? Kama hawajasema, hilo si jaribio. Wameshaamua, wanatafuta wa kuwalipia.

Jaribio ninalolirudia kila mara ni la vitabu huko Busia, Kenya. Mwaka 1996, shule 25 kati ya 100 zilichaguliwa bila upendeleo zikapewa vitabu vya kiada. Nani angebisha kwamba vitabu vitasaidia? Matokeo yalipokuja, wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanaongoza. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto wale kilikuwa lugha ya tatu. Mtoto anafungua ukurasa, kidole kinafuata mstari, sauti inatoka, maana haipo. Mpe nakala yake mwenyewe, asigombanie na mwenzake, bado maana haipo.

Jibu lile lilikuwa na thamani kuliko vitabu vyenyewe, kwa sababu liligeuza swali. Badala ya kuuliza kama mtoto ana kitabu, watu wakaanza kuuliza kama somo linaanzia pale alipofikia. Nchini India, shirika la Pratham lilijenga mbinu nzima juu ya swali hilo: watoto wanapangwa kwa kiwango chao cha kusoma, si kwa darasa, na mbinu imepimwa tena na tena, ikarekebishwa kila ilipokwama. Michael Kremer, mmoja wa watafiti wa Busia, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa kazi ya aina hiyo.

Tanzania nayo ina funzo lake. Mwaka 2013 na 2014, jaribio la KiuFunza, la shirika lisilo la kiserikali la Twaweza, lilihusisha shule za msingi 350. Baadhi zilipewa ruzuku, nyingine walimu wake waliahidiwa motisha ya fedha kwa kila mtoto atakayefaulu, nyingine zikapata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua alama. Ruzuku pamoja na motisha iliinua. Mfadhili ambaye angelipia ruzuku tu angeondoka akiamini fedha hazisaidii shule, na angekuwa amekosea.

Lakini mahali ninapoona fedha nyingi zikipotea ni pale jaribio lililofaulu linapokabidhiwa serikali. Kenya ililipima hata hilo, na nawaheshimu sana waliothubutu. Walimu wa mkataba waliajiriwa katika shule 192 zilizotawanyika mikoa yote 8 ya wakati huo. Sehemu moja ilisimamiwa na shirika lisilo la kiserikali, nyingine na serikali. Mpango ulikuwa uleule. Chini ya shirika, alama zilipanda. Chini ya serikali, hazikusogea. Mishahara kuchelewa na usimamizi kulegea vilitajwa miongoni mwa sababu. Yaani kilichofaulu mwanzoni hakikuwa mwalimu wa mkataba peke yake, bali pia mtu aliyehakikisha analipwa na anafuatiliwa. Mtu huyo hakuwemo kwenye bajeti.

Ndiyo maana napenda fedha zinazotolewa kwa ngazi, kama ulivyofanya mfuko wa Development Innovation Ventures ulioanzishwa ndani ya USAID mwaka 2010: kiasi kidogo kwa wazo changa, kikubwa zaidi baada ya ushahidi, kikubwa kabisa kwa kueneza. Utaratibu huo unamruhusu mfadhili athubutu mapema, wakati kushindwa bado ni rahisi kulipia. Mimi ningesogeza jambo moja tu: serikali itakayorithi mradi iingie tangu ngazi ya pili, na watumishi wake walewale, na njia zake zilezile za malipo, hata kama matokeo yatapungua uzuri.

Kwa hiyo siku hizi, nikimaliza ukurasa wa tathmini, nafungua bajeti na kutafuta mstari mmoja: mwezi wa kwanza baada ya mradi kufungwa, nani anasaini malipo ya mwalimu? Maandiko mengi niliyoyasoma yanaishia mwezi mmoja kabla ya hapo.